Toba, Padri na Haki za Watu

Kijana mmoja katika wahudhuriaji wa darsa yetu alitujia baada ya sala ya Isha na swali, nasi tumeona ni bora kulijibu kwa kalamu kuliko kulijibu barazani, kwani tumetambua kuwa si yeye peke yake mwenye swali hilo moyoni. Sifa zake tumezibadilisha asije akajulikana. Tuseme ni karani katika afisi moja mjini, na mwenzake wa meza ya pili ni Mkatoliki, mtu mpole na mwaminifu katika kazi yake. Jumamosi moja walitoka kazini pamoja, wakapita penye kanisa, na yule mwenzake akamwomba amngoje nje kitambo kidogo. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekunjuka kama uso wa mtu aliyetua mzigo. Akamweleza kwamba amekwenda kuungama, padri amemwondolea dhambi zake, na sasa yu safi.

Kijana wetu hakutuuliza kama jambo hili ni haki au ni batili. Jibu letu katika hilo alilijua tangu chuoni. Aliuliza kwa nini mwenzake, mwenye imani isiyokuwa yetu, ajua kwa yakini ni saa ngapi amesamehewa, na yeye aletaye istighfari kila baada ya sala hajui. Twakiri kuwa swali hili lilitunyamazisha. Sisi tukiulizwa habari za Wakristo, mazoea yetu ni kutafuta hoja ya kuwashinda, na tukisha kuipata twaondoka tukifurahi. Huyu hakuja kutafuta ushindi. Alikuja na uchungu wake.

Na tuanze kwa kuyaeleza maneno ya Wakatoliki kama wayasemavyo wenyewe, maana Mwenyezi Mungu ametuonya katika sura ya Al-Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu. Wengi mjini hudhani kuwa Mkatoliki huitakidi kuwa padri asamehe kwa uwezo wake mwenyewe, kama mungu mdogo. Sivyo wasemavyo. Wao husema kuwa mwenye kusamehe ni Mungu, na padri ni naibu tu aliyekabidhiwa amri. Dalili yao kubwa ni habari iliyomo katika Injili ya Yohana, mlango wa 20, ambako Nabii Isa (A.S.) asimuliwa kuwa aliwapa wanafunzi wake idhini ya kuziondoa dhambi za watu na ya kuzifunga. Idhini hiyo, wasema, ikapita kwa maaskofu, na kutoka kwa maaskofu ikapita kwa mapadri, mpaka ikamfikia huyu aketiye leo katika kibanda cha kuungamia. Mwenye kuungama yampasa ajute moyoni, ataje dhambi zake kubwa kwa aina zake na kwa idadi yake kadiri akumbukavyo, na atimize malipizi atakayoamriwa. Padri naye hutamka maneno ya maondoleo, na kila alichokisikia hukifunga kifuani mwake; akikifichua, adhabu yake katika sheria ya kanisa lao ni kali mno. Kwa hili la kutunza siri twawasifu, wala hatuoni haya kuwasifu.

Jambo lenyewe si geni katika pwani yetu. Watawa wa Kireno wa shirika la Augustino waliweka nyumba yao Mombasa mwaka 1597, na mapadri wa Kifaransa walifika Bagamoyo mwaka 1868. Wazee wetu walilijua kwa mbali, kama mtu ajuavyo chakula cha jirani kwa harufu yake.

Walakini mwenye kuisoma tarikhi ya kanisa hilo ataona kuwa maungamo hayakuwa hivi siku zote. Katika karne za mwanzo hakukuwa na kibanda wala siri. Mkristo aliyetenda dhambi kubwa, kama kuua, kuzini au kuikana dini yake, alisimamishwa katika hali ya unyonge machoni mwa watu, akazuiwa meza ya ibada kwa muda mrefu, kisha askofu akamrudisha katika jamaa. Na fursa hiyo alipewa mara moja tu maishani. Hata wafalme hawakuachiwa. Kaisari Theodosius, baada ya mauaji ya watu wa Thessalonica mwaka 390, alitakiwa na Askofu Ambrose wa Milan atubu hadharani, naye akatubu. Muda mfupi baadaye, karibu na mwaka 391, katika mji wa Constantinople, ndio Istanbul ya leo, Askofu Nectarius aliiondoa kabisa kazi ya padri aliyekuwa amewekwa kusimamia toba, kwa sababu ya fedheha iliyozuka kutokana na maungamo ya bibi mmoja wa cheo, akamwachia kila mtu dhamiri yake. Hatulitaji hili kwa kufurahia aibu ya watu. Twalitaja kwa sababu askofu mkubwa kama yule asingethubutu kuiondoa kazi ile kama angeamini kwamba bila ya hiyo hakuna mtu wa mji wake atakayesamehewa.

Maungamo ya siri, ya mtu mmoja kwa padri mmoja, yenye kurudiwa kila mtu akosapo, yalienezwa zaidi na watawa wa Ireland tangu karne ya 6. Si kila mahali yalipokewa kwa furaha. Mkutano wa maaskofu uliofanywa Toledo, Uhispania, mwaka 589, uliikemea desturi ya watu kumwendea padri kuondolewa dhambi kila wapendapo. Kisha mwaka 1215, mkutano wa Laterano mjini Roma, chini ya Papa Innocent III, ukamfaradhishia kila Mkatoliki aliyefika umri wa akili aungame kwa padri wake walau mara moja kwa mwaka. Na katika karne hiyohiyo ndipo maneno ya padri yalipobadilika. Zamani padri alikuwa akimwombea mwenye kutubu kwamba Mungu amsamehe. Tangu hapo ikawa ada katika kanisa la Roma kutamka kuwa ni yeye padri amwondoleaye. Makanisa mengi ya Mashariki yamebaki na sura ile ya dua hata leo. Mwaka 1551 mkutano wa Trent ukakata shauri kwamba padri katika kazi hii ni kama kadhi aketiye kuhukumu, wala si mpasha habari tu wa msamaha wa Mungu. Twamwomba msomaji alikumbuke badiliko hili, kutoka katika dua kwenda katika hukumu, maana tutalirudia.

Wapendao mijadala wangetaka tukae juu ya vyeti vya rehema vilivyouzwa Ujerumani, ambavyo Martin Luther alivipinga mwaka 1517. Sisi twapita. Biashara ile Wakatoliki wenyewe waliifuta katika karne hiyohiyo, tena cheti kile katika mafundisho yao hakikuwa msamaha wa dhambi bali kupunguziwa adhabu yake, na si uungwana kumkamata mtu kwa kosa aliloliacha.

Hoja yetu iko pengine. Wakatoliki wakubali kwamba mtu asiyejuta moyoni hapati kitu kwa maneno ya padri, hata ayasikie mara elfu. Basi twauliza: ni nani auonaye moyo ukijuta? Padri huisikia sauti, na pengine huyaona machozi. Lakini machozi yaweza kuwa ya mtu anayeogopa kufumaniwa kuliko kumwogopa Mola wake. Kadhi huyu akata kesi ambayo shahidi wake mkubwa hasikiki na yeyote isipokuwa Mwenyezi Mungu. Tena wakubali kwamba mtu akijuta majuto kamili kwa kumpenda Mungu, na akiwa na nia ya kuungama apatapo nafasi, Mungu humsamehe kabla hajamfikia padri. Mwezi wa Machi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani kule Italia, Papa Francis mwenyewe aliwakumbusha watu wake fundisho hilo, akawaambia kuwa asiyempata padri azungumze na Mungu na amweleze ukweli, kisha aungame baadaye. Hatusemi kwa hayo kuwa Papa alikuwa amesilimu. Alisema yaliyomo katika vitabu vyao tangu zamani.

Basi kwa maneno yao wenyewe, msamaha waweza kumfikia mja na padri hayuko, na padri akiwako waweza usimfikie. Mkatoliki mwenye ilimu atatujibu kuwa ile nia ya kuungama ndiyo iunganishayo viwili hivi. Twamjibu kuwa nia nayo ni jambo la moyoni, na moyo waturudisha kwa Mwenye kuujua.

Sasa na tuje kwetu, na tutazame kisa ambacho kila mmoja wetu amekisikia lakini wachache wamekitazama kwa jicho hili. Mwaka wa 9 wa Hijra, sawa na mwaka 630, Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda Tabuk katika joto kali, na matunda yameiva mashambani. Kaab bin Malik, mmoja wa Ansari, mtu mwenye afya na mali, akabaki nyuma. Hakuwa na udhuru. Kila siku alisema nitajitayarisha kesho, mpaka jeshi likawa mbali. Mtume aliporejea Madina, watu themanini na zaidi waliobaki nyuma wakamwendea na kuapa na kutoa nyudhuru zao. Mtume akayapokea yaliyokuwa dhahiri, akawaombea maghufira, na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Ikafika zamu ya Kaab. Alikuwa mtu wa maneno, mshairi, naye asema wazi kuwa lau angekaa mbele ya mtu mwingine wa dunia angelijua namna ya kujitoa. Akasema kweli: sikuwa na udhuru wowote.

Tazama alivyojibiwa. Hapa yuko mtu amekuja kwa hiari yake, ameitaja dhambi yake waziwazi, anajuta, na aliye mbele yake si sheikh wala imamu, bali ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kama kuna mwanadamu aliyestahili kutamka kwamba nimekuondolea, ni huyu. Mtume alisema kuwa huyu amesema kweli, akamwamuru aondoke angoje mpaka Mwenyezi Mungu aamue juu yake. Akangoja siku hamsini, yeye pamoja na wenzake wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya. Watu waliamrishwa wasiseme nao. Kaab alikuwa akienda sokoni na msikitini, akimtolea Mtume salamu na kuitazama midomo yake kama imetikisika kumjibu. Mfalme wa Ghassan akamletea barua kumkaribisha kwake apate heshima. Akaitia ndani ya tanuri. Baada ya siku arubaini wakaamrishwa kujitenga na wake zao. Na asubuhi ya siku ya hamsini, yuko juu ya dari ya nyumba yake baada ya sala ya Alfajiri, na ardhi kwa upana wake imemwia finyu, akamsikia mtu akipiga ukelele juu ya mlima wa Sal'i kumbashiria.

Alipofika mbele ya Mtume, uso wa Mtume uking'aa kwa furaha, Kaab aliuliza swali ambalo kwetu sisi ndilo kiini cha jambo lote. Aliuliza kama msamaha ule watoka kwake yeye Mtume, au watoka kwa Mwenyezi Mungu. Mtume akamjibu kuwa watoka kwa Mwenyezi Mungu. Na aya ya kuwapokelea toba watu hao watatu iko katika sura ya At-Tawba, ya 118, yasomwa mpaka leo.

Iko Madina, katika msikiti wa Mtume, nguzo ambayo mahujaji wetu huionyeshwa, iitwayo nguzo ya toba. Abu Lubaba, Sahaba aliyewadokezea Banu Quraydha siri kwa ishara ya mkono kooni, alijifunga mwenyewe hapo. Riwaya mashuhuri yasema kuwa Mtume alipopata habari alisema kwamba lau angemjia angemwombea maghufira, lakini maadamu amefanya hivyo, hatamfungua mpaka Mwenyezi Mungu ampokelee toba. Basi kazi ya Mtume ilikuwa kuomba. Tena kuomba huko nako kuna mpaka, kwani sura hiyohiyo ya At-Tawba, aya ya 80, yamwarifu kuwa hata akiwaombea wanafiki mara sabini hawatasamehewa. Wako watuleteao aya ya 64 ya An-Nisaa, ambayo yawataja waliojidhulumu kwamba wangemjia Mtume, wakaomba maghufira na Mtume akawaombea, wangemkuta Mwenyezi Mungu ni mwenye kupokea toba. Aya hiyo ni haki, nayo ni hoja yetu: wao waomba, Mtume aomba, na mwenye kupokea ni Mmoja. Ndiyo sura ile ya dua waliyokuwa nayo mapadri wa zamani, kabla haijageuzwa kuwa hukumu.

Kwa hiyo jibu la kijana wetu ni hili, nalo si jepesi. Yakini aitafutayo Kaab aliipata, lakini aliipata kwa wahyi, na wahyi umekatika kwa kufa kwake Mtume. Hakuna baada yake awezaye kumwambia mtu fulani kwa jina lake kuwa dhambi yako ya jana imefutwa. Padri akisema hivyo, asema asilolijua. Sheikh wetu akisema hivyo, naye asema asilolijua. Tuliloachiwa ni ahadi ya Mwenye kuahidi, kuwa mwenye kutubu kwa kweli hupokelewa. Na ile hofu ndogo ibakiayo moyoni, kwamba huenda toba yangu haikuwa ya kweli, hiyo si ila ya dini yetu. Ndiyo imrudishayo mtu kwenye mswala kesho yake. Mtu mwenye yakini ya Jumamosi, twachelea, aweza kuwa na wepesi wa Jumapili.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kwa kuwa hatuna padri tumesalimika. Mkatoliki yule, hata kama njia yake si sahihi, walau mara moja kwa mwaka hulazimika kukaa na kuihesabu nafsi yake, dhambi kwa dhambi, kwa majina yake. Wangapi katika sisi tuliofanya hivyo mwaka huu? Istighfari twaileta huku macho yakitafuta viatu mlangoni. Toba tumeiweka pamoja na Hijja, kuwa ni mambo ya uzeeni, na hali sura ya An-Nisaa, aya ya 18, imesema wazi juu ya yule angojaye mpaka mauti yamhudhurie. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), aliieleza toba kuwa ni ilimu, kisha hali, kisha amali: mtu aujue ubaya wa alilolitenda, moyo uungue kwa kulijua, na mkono uache na utengeneze. Sisi twaanza na kumalizia katika ulimi.

Tena katika kuitaja dhambi, sheria yetu imekwenda njia nyingine, nayo yafaa ifahamike. Sisi hatukuamrishwa kumfunulia mtu aibu ambayo Mola ameifunika. Maiz alipomjia Mtume kukiri zina, Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara, na yule aliyemshauri aende akaambiwa kuwa lau angemfunika kwa nguo yake ingekuwa bora kwake. Katika hadithi ya Abu Huraira aliyoipokea Bukhari, umma wote watarajiwa kusamehewa isipokuwa wenye kuzitangaza dhambi zao, mtu afanyaye jambo usiku, Mola akamsitiri, na asubuhi akajisimulia mwenyewe. (Nao leo hawangoji asubuhi; picha yatumwa kwa simu usiku uleule.) Maungamo tuliyonayo yangojea Siku ya Kiyama. Ibn Umar amepokea kuwa Mola atamkurubisha mja wake Muumini, atamfunika kwa sitara yake, na atamkiririsha dhambi zake moja moja pasi na kusikiwa na mtu. Na mja akisha kuona kuwa ameangamia, ataambiwa kuwa alisitiriwa duniani, na leo amesamehewa.

Hii haina maana kuwa mtu abaki peke yake na mzigo wake bila ya mshauri. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu wa zamani aliyeua watu tisini na tisa, akaelekezwa kwa mtawa, akamwuliza kama ana toba. Mtawa akamwambia huna. Akamwua, wakatimia mia. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni, naye akamwambia kuwa hakuna awezaye kumzuilia toba, ila aihame nchi yake mbaya aende kwenye nchi ya watu wamchao Mungu. Akafa njiani, na rehema ikamchukua. Yule mtawa alijifanya bawabu. Mwanachuoni hakumfungulia mlango wala hakumfungia. Alimwonyesha njia ya kuuendea. Hiyo ndiyo kazi ya maulamaa, na mwenye kuifanya zaidi ya hapo ameingia katika kibanda cha padri ijapokuwa amevaa kilemba.

Nao wako. Hatuna haja ya kwenda kanisani kuwatafuta. Ni nani ampelekeaye mtu bahasha na kumwomba amsomee ili dhambi zake ziondoke, na yeye mwenyewe hajaacha hata moja? Ni nani aliyetufundisha kuwa hitima ya arubaini, kwa pilau na mbuzi wawili, yamfuta maiti makosa yake, na hali jina la maiti huyo lingali katika daftari la mwenye duka? Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin Akwaa kuwa ililetwa jeneza ya mtu mwenye deni la dinari tatu, naye hakuacha kitu, na Mtume akawaambia watu wamsalie wao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari tatu! Na Muslim amepokea kuwa shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Kama damu ya shahidi hailifuti deni, mchele wetu utalifutaje?

Hapa ndipo tulipotaka kufika tangu mwanzo. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ameandika kuwa toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina sharti tatu: aiache, ajute, na aazimie kutoirudia. Ikiwa dhambi yamhusu mwanadamu mwenzake, huongezeka sharti ya nne: airudishe haki kwa mwenyewe. Katika sharti hii padri hana neno, na sheikh hana neno. Mwenye shamba la yatima alilolila miaka ishirini, mwenye kula kodi ya nyumba ya wakfu, mwenye kuyazuia mahari ya mkewe aliyemwacha, kaka aliyeandika nyumba ya baba kwa jina lake peke yake na dada zake wakanyamaza kwa haya: hawa hata wakilia msikitini usiku wote, msamaha wao Mwenyezi Mungu ameuweka katika mikono ya watu, na watu hao wawajua kwa majina na kwa mitaa wanayokaa.

Tulipofika hapa kijana wetu alinyamaza. Kisha akasema kuna jambo ataka kutueleza, akaanza kulitaja, nasi tukamzuia. Tulimwambia aulize juu ya mtu yeyote tu, na jina la mtu huyo na kadiri ya mali vibaki kwake, maana hatukupewa haki ya kuyajua. Akauliza: mtu akichukua mali ya mwenziwe kwa siri, naye aona haya kumkabili, afanyeje? Tukamjibu kwamba lililo wajibu ni mali irudi kamili. Hakuna ulazima wa kusema ni nani aliyeichukua, na akiirudisha kwa njia ya kificho, hata kwa mkono wa mtu mwingine, ametoka katika dhima. Akauliza, na ikiwa mwenyewe amekufa? Ni ya warithi wake. Na ikiwa hajulikani alipo, baada ya kumtafuta kwa bidii? Aitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, na siku atakapotokea amlipe akiitaka.

Akakaa kimya tena, kisha akauliza: na ikiwa mwenye mali si Mwislamu? Tukamwambia kuwa Mtume amesema, katika hadithi iliyo kwa Abu Daud, kwamba atakayemdhulumu asiyekuwa Mwislamu aliye katika ahadi ya amani, yeye Mtume mwenyewe atakuwa mshtaki wake Siku ya Kiyama. Hakuuliza zaidi, wala sisi hatukumwuliza. Akainuka, akavaa viatu vyake, akaondoka kabla ya kahawa kuletwa.